Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuchagua programu ya kugeuza video na sauti

Haya ni maswali yanayorudi kila mara kwenye sekretaria na studio ndogo za Lubumbashi, Kamalondo kama Katuba: wanakwaya, wapiga video za harusi, wanafunzi, watangazaji wa redio. Majina ya menyu tumeyaacha kwa Kifaransa pale ambapo kompyuta za hapa zinayaonyesha kwa Kifaransa.

## Mwanzo

1. Kugeuza faili ni kufanya nini hasa?

Faili ya video ina mambo mawili: chombo, na kilicho ndani yake. MP4, MKV, MOV na AVI ni vyombo. Ndani kuna picha na sauti zilizobanwa kwa njia fulani, na njia hiyo ya kubana huitwa kodeki. Kodeki za picha utakazokutana nazo sana ni H.264, iliyotoka mwaka 2003, na H.265, iliyotoka mwaka 2013. Upande wa sauti kuna MP3, AAC na Opus.

Gunia linaweza kuandikwa "unga" kwa nje, ukilifungua ukakuta wa mahindi au wa muhogo. Ndivyo faili mbili zinavyoweza kuishia zote na .mp4, moja ikacheza kwenye televisheni yako na nyingine ikakataa. Kufuta herufi .mkv na kuandika .mp4 hakugeuzi chochote. Umebadilisha maandishi ya juu ya gunia tu.

2. Je, ni lazima nigeuze?

Mara nyingi sana, hapana. Mtu analeta video "iliyoharibika", tunaifungua kwa VLC, inacheza vizuri kabisa. VLC ilianzia kwa wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996, ni ya bure, ipo kwa kompyuta na kwa simu, na inafungua karibu kila kitu. Ikiwa unataka kutazama mwenyewe kwenye simu au laptopu yako, weka VLC na uishie hapo.

Kugeuza kunahitajika pale faili inapokwenda mahali usipoweza kuweka VLC: televisheni ya shangazi, redio ya gari, kituo cha redio, deki ya DVD, au programu ya kuhariri inayokataa kuifungua. Basi kabla ya kuuliza "programu gani?", uliza "faili hii itachezwa wapi?" Jibu la swali hilo ndilo linalochagua programu.

3. Nikitaka programu moja tu, nichukue ipi?

Kwa video, chukua HandBrake. Ina madirisha na vitufe, ina mipangilio iliyoandaliwa tayari, na inatoa MP4, MKV au WebM. Haitoi faili ya sauti peke yake, na watu wengi hupoteza saa nzima wakiitafuta MP3 humo.

Kwa sauti, chukua Audacity ikiwa unataka pia kukata na kusafisha, au fre:ac ikiwa una folda nzima ya nyimbo za kugeuza bila kuzigusa.

Ukitaka moja inayofanya yote, ni FFmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000. Haina vitufe, unaiandikia amri. Inatisha siku ya kwanza, lakini amri tatu nne zinatosha kwa kazi nyingi za mtaani (tazama swali la 15).

Na kama kazi yenyewe ni kukata kipande tu, kwa mfano kutoa hotuba moja katika video ya saa tatu, tumia LosslessCut. Inakata bila kubana upya, kwa hiyo picha haipotezi kitu na kazi inaisha kwa dakika chache hata kwenye kompyuta dhaifu.

Zote hizi ni za bure.

4. Zile za kulipia si bora zaidi?

Kwa kugeuza tu, hapana. Si chache kati yake zimejengwa juu ya kazi ileile ya FFmpeg, kisha zikavikwa sura ya kupendeza. Toleo la majaribio mara nyingi hubandika chapa katikati ya picha au hugeuza sehemu tu ya faili, na mtu anagundua hivyo usiku wa kuamkia harusi. Dola ambazo ungelipa, nunua diski ya nje ya kuhifadhia mafaili asilia.

Programu ya kuhariri kitaalamu ni jambo jingine. Hiyo inaweza kustahili pesa kama ndiyo kazi yako.

## Kuipata na kuiweka

5. Niipakue wapi bila kupata virusi?

Kwenye tovuti ya wenyewe: handbrake.fr, videolan.org, audacityteam.org, ffmpeg.org. Usiandike jina kwenye injini ya kutafuta ukabofya la kwanza. Mara nyingi la kwanza ni tangazo, na kitufe kikubwa cha kijani si chako.

Hata tovuti halali imewahi kuvamiwa. Mwezi Mei 2017 seva moja ya kupakulia HandBrake iliingiliwa, na kwa siku kadhaa baadhi ya wenye kompyuta za Mac walipakua toleo lenye programu ya wizi ndani. Ndiyo maana watengenezaji huandika alama ya SHA256 ya kila faili, yaani mfuatano mrefu wa herufi na namba unaoitambulisha faili hiyo peke yake. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika `certutil -hashfile jina-la-faili SHA256`, ulinganishe na ile iliyo kwenye tovuti. Herufi moja ikitofautiana, futa.

Kuhusu mega za intaneti: mtu mmoja apakue, wengine wanakili kwa flashi. Kwa programu hizi inaruhusiwa, leseni zake zinasema hivyo. Nakilini pamoja na .NET Desktop Runtime ya Microsoft, kwa sababu HandBrake ya Windows huidai, na usipokuwa nayo utasimamishwa hapo huku mega zimeisha.

6. Vipi tovuti zinazogeuza faili moja kwa moja mtandaoni?

Kwa noti fupi ya sauti isiyo na siri, sawa. Kwa video, hesabu: faili ya mega 300 utaipandisha yote, kisha uishushe tena. Forfait (kifurushi chako cha mega) imeisha na kazi ni moja tu.

Lililo zito zaidi ni kwamba umempa mtu usiyemjua nakala ya faili yako. Video ya matanga, ushuhuda wa mtu aliyeomba jina lake lisitajwe, mahojiano ya mwandishi wa habari: hivyo visipite huko hata kama mega zipo.

7. Kompyuta yangu ni ya zamani na umeme unakatika. Nifanyeje?

Matoleo mapya ya HandBrake yanataka Windows 10 au zaidi. Mwenye Windows 7 bado ana VLC, ambayo hugeuza pia kupitia Média → Convertir / Enregistrer (Ctrl+R), ingawa haina udhibiti wa HandBrake.

Kuhusu umeme, kuna jambo ambalo kila mpiga video wa hapa angepaswa kulijua. Faili ya MP4 kwa kawaida huandikiwa orodha ya yaliyomo mwishoni kabisa. Umeme ukikatika kwenye asilimia 95, orodha hiyo haijaandikwa, na faili nzima haifunguki. MKV haiko hivyo: ikikatika njiani, sehemu iliyokwisha kuandikwa kwa kawaida hucheza. Kwa hiyo kama huna betri ya kuaminika, geuza kwanza kwenda MKV, halafu ihamishie kwenye MP4 bila kubana upya kwa amri ya kwanza ya swali la 15. Hatua hiyo ya pili huchukua dakika chache tu, hata kwa filamu ndefu.

Njia nyingine ni kugawa kazi vipande: kanisani, ukumbini, nyumbani. Kikikatika kimoja, vingine vimekwisha kuwa salama.

## Video

8. Fundi, flashi ni ya GB 32, haina kitu, mbona inakataa video ya GB 6?

Kwa sababu imepangwa kwa FAT32, namna ya zamani ya kupanga mafaili kwenye flashi, na FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4, hata nafasi iwe kubwa namna gani. Ukiipanga upya kwa exFAT itapokea, lakini televisheni na redio nyingi za zamani hazisomi exFAT. (Kupanga upya kunafuta kila kitu kilichomo, toa vitu vyako kwanza.)

Kwa flashi ya kumpelekea mteja asiyejulikana ana televisheni gani, ni salama zaidi kubaki na FAT32 na kupunguza video. Hesabu ni rahisi: kiwango cha biti (data inayotumika kila sekunde) mara muda, na biti nane ni baiti moja. Harusi ya saa mbili kwa megabiti 4 kwa sekunde ni kama GB 3.6, pamoja na sauti kama GB 3.7. Inaingia. Kwa megabiti 5 haiingii tena, na hapo utaigawa sehemu mbili.

9. Niweke mipangilio gani kwenye HandBrake?

Anza na "Fast 1080p30", au "Fast 720p30" kama video itatazamwa kwenye simu. Chombo kiwe MP4, kodeki H.264, sauti AAC ya 128 hadi 160 kbps. Namba ya ubora (RF) iwe kati ya 20 na 23. Namba ndogo ni picha nzuri zaidi na faili kubwa zaidi. Ukiwa na muda, chagua kasi ya polepole, kwa sababu kompyuta ikifikiri zaidi faili huwa ndogo kwa ubora uleule. Vile vifaa vya kuharakisha vilivyo ndani ya kadi ya picha husaidia unapobanwa na saa, lakini faili yake huwa kubwa zaidi.

Usigeuze saa mbili kabla ya kujaribu. HandBrake inakuruhusu kuchagua kipande kwa sekunde. Chagua dakika moja ngumu: bwana na bibi harusi wanaingia ukumbini, taa zinazunguka, watu wanawarushia karatasi zinazometameta, shela jeupe mbele ya pazia jeusi. Hapo ndipo ubanaji mbaya hujionyesha, picha inavunjika vibokisi. Kipande hicho kikitoka safi, hotuba ya mjomba itatoka safi pia. Kisha icheze kwenye televisheni halisi, siyo kwenye kompyuta yako.

10. Televisheni inatoa sauti bila picha, au picha bila sauti.

Sauti bila picha: mara nyingi picha ni H.265 na televisheni haiijui. Geuza kwenda H.264 kama kwenye swali la 9.

Picha bila sauti: mara nyingi sauti ni AC3 au DTS, kodeki ambazo televisheni haizijui. Hapa watu hupoteza usiku mzima wakigeuza kila kitu, wakati kinachohitaji kubadilishwa ni sauti tu. Amri ya pili ya swali la 15 inafanya hivyo haraka bila kugusa picha.

Kujua kilichomo, fungua faili kwa VLC ubonyeze Ctrl+J. Utaona jina la kodeki ya kila upande. Fanya hivi kabla ya kugeuza chochote. Ni sekunde tano.

11. Video za iPhone hazifunguki kwa wengine.

Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone nyingi hurekodi H.265 ndani ya MOV. Zilizokwisha kurekodiwa, zipitishe HandBrake. Kwa zijazo: Réglages → Appareil photo → Formats → Le plus compatible. Faili zitakuwa kubwa zaidi, lakini hutasumbuka tena.

12. Nikihariri video ya simu, sauti inatangulia midomo. Mbona ilikuwa sawa kwenye simu?

Simu nyingi hazirekodi idadi ileile ya fremu (picha moja moja zinazounda video) kila sekunde. Gizani hupunguza, kwenye mwanga huongeza. Programu za kuhariri hazipendi hilo, na kadiri video inavyoendelea sauti inaachana na picha. Kabla ya kuhariri, ipitishe HandBrake ukichagua "Constant Framerate", 25 au 30. Usijaribu kusogeza sauti kwa mkono, kwa sababu utakapolinganisha mwanzo, mwisho utakuwa umepotea.

13. Nikituma kwa WhatsApp picha inaharibika.

WhatsApp hubana upya kila video unayoituma kama video. Itume kama hati na itafika ilivyo. Kikomo ni GB 2. Lakini kumbuka mpokeaji naye analipa mega. Kwa wimbo mmoja wa kwaya wa dakika 5, megabiti 1 kwa sekunde na picha ya 480p inatoa faili ya mega 38 hivi, na kwenye simu inaonekana vizuri.

## Sauti

14. Kwaya yetu imerekodi. Tuhifadhi MP3 au WAV?

Hifadhini WAV au FLAC, sambazeni MP3.

WAV ya ubora wa CD (44.1 kHz, biti 16) hula kama mega 10 kwa dakika. FLAC hubana bila kupoteza chochote na mara nyingi hushuka hadi karibu nusu ya hapo. MP3 ya 192 kbps ni mega moja na nusu hivi kwa dakika, lakini kilichotupwa ili kufika hapo hakirudi. Kuigeuza MP3 iwe WAV kunaongeza uzito tu. Ile sauti iliyopotea haifufuki. Tunasisitiza hili kwa sababu kwaya nyingi zimebaki na MP3 iliyopita kwenye simu kumi, na siku wanapotaka kutoa albamu studio haina cha kufanyia kazi.

Aliyerekodi akupe faili asilia siku ileile, kwa flashi, kabla hajazifuta apate nafasi. Iandikeni kwenye mapatano. Kiongozi wa kwaya abaki na nakala moja na mtu mwingine, nyumba nyingine, abaki na ya pili.

15. Nionyesheni hizo amri za FFmpeg.

Kuhama kutoka MKV kwenda MP4 bila kubana upya:

`ffmpeg -i harusi.mkv -c copy harusi.mp4`

Kubadili sauti tu, picha ibaki ilivyo:

`ffmpeg -i harusi.mkv -c:v copy -c:a aac -b:a 160k harusi2.mp4`

Kutoa sauti ya mahubiri kwenye video:

`ffmpeg -i mahubiri.mp4 -vn -b:a 128k mahubiri.mp3`

Kugeuza noti zote za sauti zilizo kwenye folda moja, kwenye dirisha la amri la Windows:

`for %i in (*.opus) do ffmpeg -i "%i" -ar 44100 "%~ni.mp3"`

Neno la kushika ni `copy`: maana yake usibane upya, hamisha tu. Kila unapoweza kulitumia, litumie. Faili inayotoka ipe jina jipya, na FFmpeg ikikuuliza kama iandike juu ya faili iliyopo, jibu hapana mpaka uwe na hakika.

16. Redio imekataa noti za WhatsApp tulizowatumia.

Noti za WhatsApp huwa ni Opus, fomati nzuri sana ya mwaka 2012, ila mitambo mingi ya studio haiisomi. Amri ya nne hapo juu inatosha. Asiyetaka amri atumie fre:ac, au Audacity iliyounganishwa na maktaba ya FFmpeg; maktaba hiyohiyo ndiyo inayoisaidia Audacity kufungua AMR za simu za zamani. Waulize redio kwanza wanataka MP3 au WAV.

17. Redio ya gari haisomi flashi yangu.

Angalia mambo mawili: flashi iwe FAT32 (swali la 8), na nyimbo ziwe MP3 za 128 au 192 kbps zisizobadilika, siyo M4A wala FLAC. Ukitaka zifuatane, anza majina na 01, 02, 03.

## Kesi ngumu

18. Simu ilizima katikati ya kurekodi, sasa faili haifunguki. Programu gani itaigeuza?

Hakuna. Ni tatizo lile la swali la 7: orodha ya mwishoni haikuandikwa, na FFmpeg itakuambia "moov atom not found". Kuna programu ya bure iitwayo untrunc inayojaribu kuijenga upya orodha hiyo kwa kutazama video nyingine isiyoharibika iliyorekodiwa na simu ileile kwa mipangilio ileile. Hufanikiwa mara nyingine, mara nyingine haipati kitu. Usirekodi chochote kingine kwenye kadi hiyo mpaka ujaribu, na fanyia kazi nakala.

19. Nina DVD ya zamani ya familia. Na kaseti je?

DVD: nakili folda ya VIDEO_TS kwenye diski, uifungue kwa HandBrake. Mistari ikionekana pembeni ya vitu vinavyotembea, washa kichujio cha "Deinterlace". Ukitaka kinyume chake, yaani kutengeneza DVD ya kuchezwa kwenye deki, HandBrake haifanyi hivyo, tumia DVDStyler.

Kaseti haigeuzwi na programu peke yake, kwa sababu hakuna faili bado. Unahitaji deki nzima inayoicheza: kwa VHS, kifaa kidogo cha kunasa kinachoingia kwenye USB, kwa kaseti ya sauti, waya kutoka deki hadi kompyuta, na Audacity ikirekodi. Fanya mapema. Deki zinazofanya kazi zinapungua mjini, na mafundi wake pia. Kaseti usiitupe hata baada ya kunakili.

20. Nikigeuza wimbo wa mtu, unakuwa wangu?

Hapana. Kubadili fomati hakubadili mwenyewe. Nchini Kongo haki za waandishi na wasanii zinalindwa na sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Anayeuza nyimbo za wengine kwenye flashi hajasalimika kwa kuwa amezifanya MP3, na mpiga video anayeweka wimbo wa msanii chini ya tangazo la biashara aombe ruhusa kwanza.

21. Lini naweza kufuta faili asilia?

Baada ya kuitazama iliyogeuzwa mwanzo, katikati na mwisho, kwenye kifaa itakapochezwa, na mteja kukubali. Kwa harusi, matanga, ubatizo na rekodi za wazee wanaosimulia, ushauri wetu ni kutoifuta kamwe.